Vidonge vya magnesiamu: Kwa nini vinamsaidia mmoja na kumharisha mwingine?

Mama yangu alianza kulalamika miguu mwaka jana. Usiku wa manane shavu la mguu linakaza kama jiwe, anaamka anapiga kelele, anasimama ameshika ukuta mpaka msuli uachie. Asubuhi anachechemea.

Jirani yetu, mwanamke wa rika lake, akamwambia dawa yake ni ndogo tu: magnesiamu. Yeye mwenyewe alikuwa anameza, na kwa maneno yake, "nalala kama mtoto."

Mama akanunua chupa. Kidonge kimoja asubuhi, kimoja usiku. Siku ya tatu tumbo likaanza kumwendesha. Miguu nayo haikuacha kukaza.

Akanipigia simu. "Mwanangu, si wewe unaandikaga mambo ya afya? Hiki kitu mbona kwa mwenzangu kinafanya kazi, mimi kinanimaliza?"

Sikuwa na jibu. Nikaanza kuuliza watu, kusoma tafiti, na kugeuza chupa kusoma yale maandishi madogo ya nyuma. Nilichogundua ni kwamba wote wawili, mama na jirani, walikuwa wanasema kweli. Tofauti yao inaelezeka, tena kwa maswali matano tu.

Kama na wewe unameza magnesiamu, au umeiona TikTok na unafikiria kununua, maswali haya yanakuhusu.

Kwanza, magnesiamu ni nini?

Ni madini ambayo mwili hauwezi kuyatengeneza wenyewe, lazima yatoke kwenye chakula. Mtu mzima ana takriban gramu 25 mwili mzima. Zaidi ya nusu iko kwenye mifupa, na sehemu kubwa ya iliyobaki iko kwenye misuli na viungo vingine laini.

Kazi zake ni nyingi. Inasaidia vimeng'enya zaidi ya 300 kufanya kazi, inausaidia mwili kupata nguvu kutoka kwenye chakula, inasaidia misuli kulegea baada ya kukaza, na inaweka sawa mapigo ya moyo.

Kwa hiyo ikipungua sana, mwili unasema. Hamu ya kula inapotea, kichefuchefu, uchovu, udhaifu. Ikizidi kupungua zinakuja ganzi, misuli kukaza, moyo kudunda ovyo, hata degedege.

Hapo ndipo watangazaji wanapopatia biashara. Maana nani kati yetu hajawahi kuchoka? Nani hajawahi kulala vibaya? Ukisoma orodha ile ya dalili, kila mtu anajiona amepungukiwa.

Watu wanavyosimulia

Nilipowauliza watu ninaowafahamu, majibu yalikuwa kila mtu na lake.

Kijana mmoja ninayefanya naye kazi, mhariri wa video, anameza kidonge kimoja kabla ya kulala. Anasema usingizi umekuwa mzuri. Nilipombana zaidi akakiri kwamba wiki hiyohiyo aliyoanza vidonge aliacha pia vinywaji vya kuongeza nguvu usiku, na simu akawa anaiacha sebuleni.

Dada mmoja mwenye kipandauso alianzishiwa na daktari wake. Anasema kichwa hakijaacha kuuma, ila siku za maumivu kwa mwezi zimepungua. Ilichukua kama miezi miwili kuona tofauti.

Mzee mmoja wa mtaani kwetu hakuwa hata anajua kwamba anatumia magnesiamu. Yeye anatafuna vile vidonge vyeupe vya kiungulia, kila siku, miaka nenda rudi. Humo ndani kuna magnesiamu.

Na rafiki yangu mmoja aliipata wodini, wakati presha ilipompanda akiwa na mimba. Huyo tutarudi kwake, kwa sababu kisa chake kinafundisha zaidi ya vyote.

Magnesiamu ni ileile, ila matokeo ni tofauti kabisa. Sasa twende kwenye maswali.

Swali la 1: Ni aina gani?

Hakuna kidonge cha magnesiamu tupu. Lazima iwe imeungana na kitu kingine, na hicho kitu kingine ndicho kinachoamua tumbo lako litaamkaje.

Aina unazokutana nazo zaidi madukani ni oksidi, sitreti na glisinati. Kwenye chupa huandikwa kwa Kiingereza, lakini ukisoma utayatambua, maana matamshi hayapishani sana.

Oksidi ndiyo ya bei nafuu na imejaa kila mahali. Shida yake haiyeyuki vizuri, kwa hiyo sehemu kubwa haiingii kwenye damu. Inabaki kwenye utumbo, na ikibaki huko inavuta maji. Maji yakijaa kwenye utumbo, unakimbilia chooni.

Kumbe hilo si kosa la kiwandani. Tabia hiyohiyo ndiyo inayofanya magnesiamu ya aina fulani itumike kama dawa ya kulainisha choo kwa watu waliofunga choo. Kama tatizo lako ni choo kigumu, unaweza kuifurahia. Kama tatizo lako ni miguu, unapata usichokiomba.

Sitreti inafyonzwa vizuri kuliko oksidi, ingawa nayo ukizidisha inaharisha. Glisinati ndiyo watu wengi wanaisifia kwamba ni pole kwa tumbo, na bei yake huwa juu zaidi.

Nilipogeuza chupa ya mama ilikuwa oksidi. Ya jirani ilikuwa glisinati, aliletewa na binti yake. Yaani walikuwa wanasema "magnesiamu" wote wawili, huku kila mmoja anazungumzia kitu tofauti.

Na zile chumvi za kulowekea miguu kwenye beseni? Hizo ni magnesiamu salfeti. Maji ya vuguvugu yanalegeza misuli na unajisikia vizuri, hilo sawa. Ila ushahidi kwamba magnesiamu inapenya kwenye ngozi kwa kiasi cha maana ni dhaifu.

Swali la 2: Ni kiasi gani hasa?

Hapa ndipo wengi tunapigwa chenga na namba.

Chupa inaweza kuandikwa miligramu 500 kwa herufi kubwa. Lakini 500 ya nini? Ya mchanganyiko mzima, au ya magnesiamu yenyewe?

Kwa oksidi, asilimia 60 hivi ya uzito ndiyo magnesiamu. Kwa hiyo miligramu 500 za oksidi zina takriban miligramu 300 za magnesiamu. Kwa sitreti ni kama asilimia 16, kwa hiyo miligramu 500 za sitreti zina takriban 80 tu. Namba kubwa mbele ya chupa ni moja, kilichomo ndani ni vitu viwili tofauti.

Nyuma ya chupa nzuri huwa wameandika kiasi cha magnesiamu yenyewe. Hiyo ndiyo namba ya kuangalia.

Sasa mwili unahitaji kiasi gani? Kwa viwango vinavyotumika Marekani, mwanamke mtu mzima anahitaji miligramu 310 hadi 320 kwa siku, na mwanamume 400 hadi 420. Hiyo ni jumla, pamoja na chakula. Uingereza viwango vyao viko chini kidogo: 270 kwa mwanamke na 300 kwa mwanamume.

Kwa vidonge pekee, Marekani wameweka ukomo wa miligramu 350 kwa siku kwa mtu mzima ambaye hajapangiwa dozi na daktari. Ulaya wako chini zaidi, miligramu 250. Sababu kubwa ya ukomo huo ni kuharisha.

Mama alikuwa anameza vidonge viwili vya oksidi, kila kimoja miligramu 500. Piga hesabu: miligramu 600 za magnesiamu kwa siku, mbali na chakula. Tumbo lake halikuwa na kosa.

Kama daktari amekwambia umeze na tumbo linasumbua, mara nyingi inasaidia kumeza pamoja na chakula na kugawa dozi mara mbili au tatu badala ya kumeza yote kwa mkupuo. Muulize kwanza.

Swali la 3: Kweli ulikuwa umepungukiwa?

Hili ndilo swali ambalo karibu hakuna anayeliuliza dukani.

Mtu aliyepungukiwa akiongezewa, anaona mabadiliko. Mtu aliye na ya kutosha akiongezewa, figo zinaitoa kwenye mkojo na hela yake inaenda nayo.

Wapo watu ambao kweli wako kwenye hatari ya kupungukiwa. Wenye kisukari cha aina ya pili, kwa sababu sukari ikiwa juu wanapoteza magnesiamu nyingi kwenye mkojo. Wanaoharisha kwa muda mrefu au wenye magonjwa ya utumbo. Wanaokunywa pombe sana. Wazee, kwa sababu utumbo unafyonza kidogo na figo zinapoteza zaidi.

Halafu kuna wanaopungukiwa kwa sababu ya dawa. Dawa za presha za kukojoza maji, kama furosemide na hydrochlorothiazide, zinaondoka na magnesiamu pia.

Omeprazole nayo, ile ya vidonda vya tumbo ambayo wengi wetu tunajinunulia tu kama pipi, ikitumika muda mrefu inaweza kuishusha magnesiamu. Mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu hilo: mara nyingi ni kwa waliotumia zaidi ya mwaka mmoja. Katika karibu robo ya visa walivyopitia, kumwongezea mgonjwa magnesiamu peke yake hakukutosha, ikabidi dawa yenyewe isimamishwe.

Yaani mtu anaweza kumeza magnesiamu kila siku na isipande, kwa sababu kinachoishusha kiko kwenye chupa nyingine pembeni.

Kipimo cha damu kipo, lakini kina mipaka yake. Chini ya asilimia moja ya magnesiamu ya mwili iko kwenye majimaji ya damu. Damu inaweza kuonyesha sawa wakati akiba ya ndani imepungua. Ndiyo maana daktari anaangalia kipimo pamoja na historia yako, dawa zako na vipimo vingine kama potasiamu na kalsiamu.

Je, tafiti zinasemaje kuhusu miguu, usingizi na kichwa?

Kwa miguu kukaza usiku, habari si nzuri. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2020, yaliyokusanya tafiti 11, yalisema kwa watu wazima wenye umri mkubwa magnesiamu haielekei kusaidia kwa kiasi cha maana. Kwa wajawazito tafiti zinapingana.

Basi jirani alipona vipi? Kumbuka hali hii inakuja na kuondoka yenyewe. Mtu anatafuta dawa wakati imemzidi kabisa, na mara nyingi baada ya hapo ingepungua hata asingemeza kitu. Ndiyo maana watafiti huwa wanalinganisha na vidonge visivyo na dawa, na wanaomeza hivyo nao wengi hupata nafuu.

Simsemi jirani kwamba anadanganya. Nafuu yake ni ya kweli. Ila nafuu yake haiwezi kukwambia wewe kilichoileta.

Kwa usingizi, mwaka 2021 watafiti walipitia tafiti tatu za wazee, jumla ya watu 151. Waliomeza magnesiamu walipitiwa na usingizi dakika 17 mapema kuliko wenzao. Ni kitu, lakini watu ni wachache na watafiti wenyewe walisema ubora wa ushahidi ni mdogo.

Kwa kipandauso hali ni nzuri kidogo. Mwaka 2012 vyama viwili vya madaktari wa Marekani, cha mishipa ya fahamu na cha maumivu ya kichwa, viliiweka magnesiamu kwenye kundi la tiba ambazo huenda zinasaidia kuzuia. Kisa cha yule dada kinaendana na hilo, na dozi yake alipangiwa, hakujipangia.

Kwa presha, mapitio ya mwaka 2016 ya tafiti 34 yalikuta ile namba ya juu ya presha inashuka kwa pointi 2 hivi. Pointi mbili. Kama presha yako ni 160, usitupe dawa ya daktari kwa ajili ya hizo mbili.

Swali la 4: Figo zako zikoje?

Hapa ndipo kuharisha kunapoacha kuwa jambo la kuchekesha na mambo yanakuwa mazito.

Mtu mwenye figo nzima akimeza magnesiamu ya ziada, figo zinaichuja na kuitoa. Ndiyo usalama wetu. Figo zikichoka, mlango wa kutokea umefungwa. Kila kidonge kinaongeza juu ya kilichopo.

Ikijaa kwenye damu, mtu anaanza kusikia kichefuchefu, uso unakuwa wa moto, misuli inalegea, presha inashuka, anasinzia. Ikiendelea, moyo unapiga polepole na kupumua kunakuwa kwa shida. Inaua.

Na tatizo kubwa la figo ni kwamba zinaharibika kimyakimya. Mtu mwenye presha au kisukari cha miaka mingi anaweza kuwa na figo zilizopungua nguvu na asijue, kwa sababu hajisikii chochote.

Sasa fikiria nani hasa anayekaza miguu usiku: mtu wa makamo, mwenye presha, mwenye kisukari. Ni haohao ambao wanaambiwa na jirani wakanunue magnesiamu.

Swali la 5: Unameza dawa gani nyingine?

Magnesiamu ina tabia ya kung'ang'ania baadhi ya dawa tumboni. Zikishikana, ile dawa haiingii kwenye damu vizuri. Umemeza, lakini ni kama hujameza.

Antibayotiki kama ciprofloxacin na doxycycline ziko kwenye orodha. Dawa ya tezi, levothyroxine, ipo pia. Hiyo inatakiwa ipishane na magnesiamu kwa masaa 4 hivi.

Lakini kwetu Afrika Mashariki kuna moja ambayo kila mtu angepaswa kuijua: dolutegravir.

Dolutegravir ni sehemu ya kile kidonge kimoja kwa siku cha ARV ambacho sasa hivi ndicho wanachoanzishiwa watu wengi wanaoishi na VVU. Ikikutana tumboni na dawa ya kiungulia yenye magnesiamu au aluminiamu, kiwango chake kwenye damu kinashuka. Kikishuka mara kwa mara, virusi vinapata nafasi ya kuongezeka na vinaweza kuzoea dawa.

Maelekezo yako wazi: kidonge cha ARV kimezwe angalau masaa 2 kabla ya dawa hiyo ya kiungulia, au masaa 6 baada yake.

Mtu anaweza kuwa mwaminifu kwa dawa zake, hajawahi kuruka hata siku moja, na bado vipimo vikaja vibaya. Kisa ni kidonge cheupe cha kutafuna alichonunua dukani kwa sababu kifua kilikuwa kinamchoma. Na hakumwambia nesi, kwa sababu nani anahesabu dawa ya kiungulia kuwa ni dawa?

Kama hili linakuhusu, usiache ARV na usipaniki. Mwambie mtoa huduma wako kwenye kliniki unatumia nini kingine, halafu mpange masaa.

Wodini magnesiamu ni habari nyingine

Nilisema tutarudi kwa rafiki yangu.

Alikuwa na mimba ya miezi minane. Presha ilipanda ghafla, uso ukavimba, kichwa kikauma hadi akawa anaona nyota. Hospitalini wakaona dalili za hatari za kuelekea kwenye kifafa cha mimba. Wakamchoma magnesiamu salfeti.

"Nilisikia joto kama nimemwagiwa maji ya moto kwa ndani," ananiambia. "Halafu sindano za makalio, usiniulize. Nilifikiri wanaume ndio wamezitunga."

Joto hilo ni la kawaida. Katika utafiti mkubwa ulioitwa Magpie, uliochapishwa mwaka 2002 na kuhusisha wanawake zaidi ya 10,000 kwenye nchi 33, karibu robo ya waliopewa magnesiamu walipata maudhi, na kuwaka mwili ndiko kulikoongoza.

Lakini utafiti huohuo ulionyesha kwamba dawa hiyo ilipunguza hatari ya kupata kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Shirika la Afya Duniani, WHO, linaipendekeza. Ni dawa ya bei ndogo na inaokoa maisha ya akina mama.

Kitu kimoja kilimshangaza rafiki yangu. Nesi alikuwa anarudi kila mara na kinyundo kidogo, anamgonga goti. Anahesabu pumzi zake. Anapima mkojo kwenye mfuko.

"Nikamuuliza, wewe vipi na goti langu?"

Jibu ni hili. Magnesiamu ikianza kuzidi mwilini, goti linaacha kuruka linapogongwa. Hiyo inatokea kabla pumzi haijaguswa, kwa hiyo ni kengele ya mapema. Mkojo unapimwa kwa sababu figo ndizo zinazoitoa. Na mkononi wanakuwa na kalsiamu glukoneti, dawa ya kuipinga, tayari kwa lolote.

Rafiki yangu alijifungua salama. Mtoto sasa anakimbia.

Ninachotaka ukione hapo ni kwamba wataalamu, wanaoijua hii dawa na wanaoihitaji kweli, wanaipa heshima kiasi hicho. Goti, pumzi, mkojo. Dozi ya wodini ni kubwa mno kuliko kidonge cha nyumbani, hilo ni kweli. Lakini wewe nyumbani, figo zako zilipimwa lini?

Chakula kwanza

Habari njema ni kwamba kwa mtu mwenye afya, magnesiamu ya kwenye chakula haina shida. Ikizidi, figo zinaitoa.

Na kwetu ipo tele. Gramu 28 za mbegu za maboga, kama kiganja kimoja, zina miligramu 156 hivi. Kiasi hichohicho cha korosho kina 74. Robo kikombe cha karanga kina 63. Nusu kikombe cha spinachi iliyopikwa kina 78. Ndizi mbivu moja ya wastani ina 32. Maharage, mchicha, ufuta na parachichi navyo vinachangia.

Halafu kuna ugali. Mahindi yakikobolewa kupata sembe nyeupe, kiini na pumba vinaondoka, na magnesiamu nyingi iko humo. Dona inabaki nayo. Yaani unaweza kulipia chupa ya vidonge ili kurudisha kitu ulichokiacha mashineni.

Kabla hujanunua, fanya haya

Andika dawa zote unazotumia, pamoja na ya kiungulia, ya vidonda vya tumbo na za asili. Nenda nayo hiyo orodha kwa mfamasia au daktari.

Kama una presha, kisukari, au umri umesogea, omba kipimo cha figo kwanza. Kinaitwa kreatinini, ni cha damu, na hospitali nyingi wanacho.

Soma nyuma ya chupa: ni aina gani, na magnesiamu yenyewe ni miligramu ngapi.

Kama ulishaanza na tumbo linaharisha siku kadhaa, acha na uulize. Ukisikia udhaifu usio wa kawaida, usingizi mzito, mapigo ya moyo yaliyopungua au pumzi nzito, usisubiri asubuhi. Nenda hospitali na chupa yako mkononi.

Na kama mtu ameanzishiwa na daktari, asiache kwa sababu ya kusoma habari hii. Arudi kwa aliyempa.

Na mama je?

Nilimpeleka hospitali. Daktari aliuliza dawa zake, mama akataja ya presha. Ilikuwa ya kukojoza maji, miaka minne sasa. Vipimo vikaonyesha potasiamu iko chini, na figo zimepungua nguvu kidogo. Si za kutisha, alisema, ila za kuangaliwa.

Akamwambia aache magnesiamu aliyojinunulia. Akambadilishia dawa ya presha, akampa tarehe ya kurudi kupima tena.

Miguu bado inakaza mara mojamoja, lakini si kila usiku kama mwanzo. Kilichonikaa mimi kichwani ni zile figo. Tusingekwenda kwa ajili ya miguu, tusingejua.

Chupa alitaka kumpa jirani, asiitupe maana ni hela. Nikamwambia ngoja kwanza, mama. Tukamuulize na yeye anatumia dawa gani.

Jirani akacheka. Halafu akasema ana kisukari, mwaka wa kumi sasa, na figo hajawahi kupima. Ataenda naye mama kliniki tarehe yake ikifika.